Mwaka Mdogo Wangu Aliponyamaza

Juzi nilikwenda Chang'ombe kumpelekea mama mafuta ya alizeti, nikapotea. Kupotea mtaa niliokulia, hebu fikiria! Nilikuwa natafuta kona ya banda la video ndipo nikate kushoto, na banda lenyewe halipo. Pamejengwa fremu za maduka, moja ya vioo vya simu, nyingine saluni. Nikasimama pale juani kama mgeni wa mazishi asiyejua msiba uko nyumba ipi, mpaka binti wa saluni akatoka akaniamkia na kuuliza namtafuta nani. Nikamwambia simtafuti mtu. Nilimdanganya, lakini hadithi yenyewe si ya kumsimulia binti mwenye mteja kichwani. Ngoja nikusimulie wewe.

Mwaka ule nilikuwa darasa la sita. Ukuta wetu wa uani ndio uliokuwa ukuta wa nyuma wa banda. Lilikuwa banda la mabati, madirisha yamezibwa kwa viroba ili mwanga usiingie, na ndani mna mabenchi, televisheni moja, deki moja na spika kubwa iliyopasuka. Jua la Dodoma likishalipiga bati tangu asubuhi, ukiingia saa nane mchana unaingia kwenye chungu. Palinuka vumbi, jasho na karanga za kukaanga. Ukitoka, macho yanauma, na mtaa unauona mweupe na mtupu kana kwamba watu wote wameondoka ukiwa ndani.

Mwenye banda alipenda sinema za kutisha na za viumbe wa sayari nyingine, na mwaka ule hakuleta kingine. Zilikuwa kwa lugha za wenyewe, kwa hiyo palikuwa na mfasiri. Mahali pengine sauti za wafasiri zilikuja zimerekodiwa tayari. Wetu alikaa pembeni ya televisheni na maikrofoni, akafasiri palepale, sauti za wote akizitoa yeye: mzee, bibi harusi, maiti, mbwa. Hakuna sinema aliyoifasiri mara mbili kwa namna moja. Alikuwa mtu wa Chemba, na lugha ya kwao ina milio ya ulimi ambayo sisi hatukuiweza. Viumbe wote wa angani aliwasemesha kwa lugha hiyo, nasi tukaganda kwenye benchi kwa hofu. Miaka mingi baadaye niliwasikia kina mama wauza asali wakisemezana hivyohivyo sokoni, nikamuuliza mmoja wanasema nini. "Namuuliza kama mbuzi wake ameshazaa," akanijibu. Ndugu yangu, tulitishwa mwaka mzima kwa habari za mbuzi!

Kila mahali kwenye sinema alipaita kwa majina ya kwetu. Kiwanda cha kuunda watu wa chuma kilikuwa Kizota. Chombo kikianguka kutoka angani, kilianguka Mlali, katikati ya mashamba. Na watu wa kwenye sinema aliwapa majina ya watu wa mtaani pamoja na sauti zao. Mlevi alikuwa fundi baiskeli wetu, mama mkali alikuwa mke wa mjumbe. Wenye majina walicheka kuliko wote. Kutajwa ilikuwa heshima, na watu walikwenda kumwomba kabisa, "Kaka, Jumamosi na mimi niweke."

Siku za katikati ya wiki tulisoma. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na sanduku la riwaya na magazeti ya hadithi, mengi hayana majalada, na karibu yote ni ya mizimu, makaburi na watu waliorudi. Alituazima kwa sharti moja, tusome kwa sauti nyumbani ili na wengine wafaidi. Kwa hiyo jioni, nikishajaza madumu ya maji na mlenda umeshainjikwa, nilikaa uani nikasoma. Wasikilizaji wangu walikuwa wawili. Mmoja alikuwa bibi yetu mzaa mama, aliyeletwa kutoka Mlali kwa ajili ya macho. Alikuwa haoni zaidi ya mwanga na kivuli, akisubiri kuitwa hospitali. Alichambua karanga kwa vidole na kusikiliza kwa kichwa kilichoinama. Mizimu haikumtisha. Mfu akifufuka kwenye hadithi, bibi alisema tu, "Huyo hakuliliwa vizuri." Na kila nilipofika mahali mtu anaitwa gizani, alinikatiza: "Ukiitwa mara moja usiitike. Subiri uitwe tena. Mtu huita mara mbili."

Msikilizaji wa pili alikuwa mdogo wangu wa darasa la kwanza. Alikuwa na kithembe tangu alipoanza kusema, na mazoea ya kulirudia neno la mwisho, kama anahakikisha limefika. "Bibi, nimethiba, thiba." "Dada, nithubiri, thubiri." Tulimtania mchana kutwa, naye hakujali. Mtaa mzima uliijua ile sauti, na mfasiri naye aliijua.

Sinema yenyewe nakumbuka kila kitu isipokuwa jina. Kitu kimeanguka kwenye shamba la mahindi, Mlali bila shaka, kitu kisicho na umbo, mwanga tu. Kilichukua watu mmoja mmoja. Kulikuwa na mtoto mdogo aliyeachwa nyuma na dada yake, na alipofungua kinywa, ukumbi ulilipuka kwa kicheko, kwa sababu ilitoka sauti ya mdogo wangu, kithembe na yote: "Dada, nithubiri, thubiri!" Mfasiri alimpa na jina lake. Watu walipiga mabenchi. Mdogo wangu alicheka pia, akanikumbatia mkono kwa furaha. Kisha mtoto yule akaingia kwenye mwanga akapotea.

Sasa, ujanja wa kitu kile ulikuwa huu: sauti za wale kiliowachukua kilizitumia kuwaita waliobaki. Picha ikaonyesha shamba tupu, mahindi yanatikiswa na upepo, na kutoka humo mahindini ikaja sauti ya mdogo wangu, polepole, "Mama, nipo huku, huku. Njooni." Hapo hakucheka mtu. Niligeuka kumtazama. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yake yote miwili.

Hakusema neno siku ile, wala kesho yake, wala wiki iliyofuata. Mama alidhani ni kiburi, akamgombeza. Halafu akadhani ni koo, akampeleka zahanati, wakasema koo zima. Alikula, alicheza, alicheka bila sauti. Ukimuuliza kitu anakutazama tu. Mwalimu wake alimwita mama akamwambia kwa upole kwamba mtoto asiyejibu hawezi kukaa darasani mle, na kwamba ni bora waanze kumtafutia shule ya watoto wasiosema. Mama alirudi, akakaa jikoni, akalia huku anakoroga mlenda mpaka ukaungua. Sijawahi kusahau harufu ile.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo kina mama walilileta wenyewe bombani. "Kumbe mwanao amepona," jirani alimwambia mama. "Nimemsikia akiita hapo nyuma ya banda." Mama akaacha ndoo akakimbia nyumbani. Mtoto alikuwa amekaa kizingitini, kimya, anachora mavumbini. Mwingine alisema hivyohivyo siku nyingine. Labda walikuwa watoto wa mtaani wakimuiga, ndivyo baba alivyosema. Lakini alasiri moja upepo wa vumbi ukivuma, nikiwa nachagua mchele na mdogo wangu kaegemea bega langu, nilisikia kutoka ng'ambo ya mabati, "Dada, njoo, njoo." Nilimtazama. Mdomo wake umefumbwa, na yeye alikuwa ananitazama kuona kama nitaitika. Sikuitika. Nilisubiri niitwe tena, na sikuitwa.

Ndipo nilipomuuliza, "Unaogopa kusema?" Akashika koo lake, kisha akanyoosha kidole kwenye ukuta wa banda.

Nikamwambia bibi. Bibi akaacha karanga zake. "Mtoto ana akili," akasema. "Sauti yake imekwenda. Akisema, nani atajua ni yeye au ni kile?" Akaniambia nimpe kitenge chake na bega langu.

Mfasiri tulimkuta nje ya banda anafuta deki kwa kitambaa. Bibi akamsalimia kwa Kigogo, "Mbukwa." Yeye akasimama haraka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mtoto aliyeingia shambani Jumamosi ile, sauti ilikuwa ya nani?"

Akacheka kidogo. "Ah, bibi, ile sinema tu. Nilimuiga mjukuu wako. Utani."

"Wenzake wanakuja kukuomba. Yeye alikuomba?"

Alikikunja kile kitambaa, akakikunjua.

"Ulimwita kwa jina, ukampeleka, ukamwacha huko," bibi akasema, bila ukali wowote. "Mdomo uliompeleka ndio utakaomrudisha. Mimi siujui mdomo mwingine."

Nilidhani atatufukuza. Badala yake alisema kwamba mkanda wameshaurudisha mjini, ila ataufuata. Na aliufuata.

Jumamosi iliyofuata banda lilijaa mpaka watu wakasimama mlangoni, maana habari zilishaenea. Bibi alikaa benchi la mbele, ameelekeza uso kwenye televisheni asiyoiona, na mdogo wangu katikati yetu, mikono mdomoni. Mama alikataa kuingia. Alibaki uani, upande wa pili wa bati. Mfasiri alifasiri vizuri mpaka pale. Mtoto alipouelekea mwanga, akanyamaza. Watu wakapiga miluzi. Picha ikaendelea bila maneno, mtoto anatembea, anaingia, anapotea, na baada ya yeye kupotea kabisa ndipo ikasikika sauti ya mdogo wangu kwenye spika: "Thiendi. Mimi thiendi, thiendi. Kwetu Chang'ombe." Likaja shamba tupu. Tulisikia upepo wa kwenye sinema peke yake, safari hii bila mtu kuita kutoka humo. Mfasiri akainuka na maikrofoni yake, akachuchumaa mbele ya mdogo wangu, akamwekea mdomoni. "Chukua yako," akasema. Jasho lilikuwa linamtiririka.

Mdogo wangu alimtazama bibi. Akashusha mikono.

"Bibi, simama twende nyumbani."

Uani mama akapiga vigelegele mpaka bati likaitika. Watu wakashangilia, wengine wakalia, na mimi nililia. Bibi peke yake hakusimama. Aliinamisha kichwa kama wakati wa hadithi. "Sema tena," akasema.

"Simama, bibi. Twende nyumbani."

Alisema "simama" kwa herufi s safi kama ya mwalimu. Hakurudia neno la mwisho. Bibi akakaa kidogo, kisha akampa mkono wakatoka.

Mama alisema ni meno, kwamba katika zile wiki za ukimya meno ya mbele yalikuwa yameota. Ni kweli, yalikuwa yameota. Lakini kithembe alikuwa nacho hata kabla hayajang'oka, hilo namkumbusha mama mpaka leo na mpaka leo hataki kulisikia. Bibi alitibiwa macho mwaka huohuo. Siku walipomfungua bandeji alimvuta mdogo wangu karibu, akamtazama, akampapasa mashavu. "Sura ndiyo," akasema, na hakuongeza. Alirudi Mlali, na huko ndiko alikozikwa.

Mdogo wangu sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Ana sauti nzuri, ndiye anayesoma matangazo kanisani kwao, na ninampenda kuliko ndugu zangu wote. Banda lilikufa kifo cha kawaida, kila nyumba ikapata televisheni yake. Siku hizi wanangu wanatazama vitu vya kutisha kuliko vyetu, kila mmoja na simu yake na visikizio masikioni, na akiogopa mmoja, aliye pembeni yake hajui. Ile sauti ya kwanza ya mdogo wangu hakuna aliyeirekodi. Nimeikosa, nakuambia kweli, kama mtu anavyomkosa mtu.

Nilipotoka pale saluni sikwenda moja kwa moja kwa mama. Nilikwenda Kizota, ambako mfasiri ana karakana ya kuchomelea mageti. Amezeeka. Alivua miwani ya kuchomelea, akanitambua, akafurahi. Nikamwomba, kwa aibu kidogo, aniigie mdogo wangu, neno moja tu.

Akacheka, akakohoa kusafisha koo, akafungua kinywa. Akakifunga. Akajaribu tena.

"Ile niliirudisha, dada," akasema. "Siku ileile. Kwangu haikubaki hata chembe."

Nikamshukuru. Sikumwambia kwamba nyumbani haikufika.