Kinyozi wa Kawangware anayesubiri manyoya ya Pamba

Jumamosi asubuhi, kwenye baraza ya ghorofa ya tatu mtaani Nyayo Highrise, Nairobi, Morris Walubengo amepiga magoti mbele ya mbwa ambaye karibu hana cha kuchana. Mbwa mwenyewe anaitwa Pamba. Kichwa chake ni cheupe na kimefura manyoya, miguu kadhalika, lakini mgongo na mbavu ni ngozi tupu iliyoanza kugeuka nyeusi.

Walubengo anapitisha brashi laini taratibu palepale penye upara. Pamba anafumba macho kwa raha. Kinyozi anainamisha uso, anapuliza ngozi kidogo, anatazama, kisha anatikisa kichwa.

"Bado," anasema.

"Kwani nimekuuliza?" anajibu Filister Amondi, mwenye mbwa, bila kuinua macho kutoka kwenye sinia ya mchele anaochagua mawe. "Wewe chana tu. Yeye anapenda."

Kila Jumamosi tangu Mei, Walubengo huja hapa kutoka Kawangware kumhudumia Pamba bila malipo. Ni yeye aliyemnyoa. Na ameapa kwamba hadi manyoya hayo yarudi, hatafungua kile chumba cha kuhudumia mbwa ambacho amekiota kwa miaka mitatu.

Anayemwona leo akiwa na mafuta ya nazi mfukoni hawezi kujua kwamba jamaa huyu alianza na vichwa vya watu. Aliacha shule Bungoma karo ilipomshinda mama yake, akaja Nairobi kwa binamu, akajifunza kunyoa katika kibanda cha mabati kisichozidi upana wa kitanda. Siku nzuri kibanda hicho humpa shilingi mia nane. Siku mbaya humpa stori tu, kwa kuwa Kawangware haina uhaba wa watu wanaokuja kwa kinyozi kukaa.

"Kazi yetu iko hivi," anaeleza. "Unamnyoa mtu leo, wiki mbili amerudi. Nywele zisingekuwa zinarudi, mimi ningekuwa mjengo nabeba mawe. Kwa hivyo hiyo kitu nilikuwa naiamini kabisa, kama vile naamini kesho jua litatoka."

Mbwa walimjia bila kutafutwa. Siku moja kijakazi wa nyumba za kule ng'ambo ya barabara aliingia kibandani akiwa amebeba kijibwa ambacho manyoya yake yalikuwa yamesokotana kama mkeka. Mwajiri alikuwa safarini, anarudi Jumapili, na dada wa watu alikuwa karibu kulia. Walubengo alikiweka kijibwa kwenye kiti na kukinyoa chote. Baada ya miezi miwili manyoya yalikuwa yamerudi, mazuri kuliko awali, na mwajiri akaomba namba yake ya simu.

Kibandani habari hiyo haikupokelewa kwa shangwe. "Mzee mmoja aliniuliza, 'Yaani mimi na mbwa mashine moja?' Akatoka na povu kichwani," anakumbuka Walubengo huku akicheka. Ilimbidi anunue mashine nyingine, na mkewe, Valary, akaifunga utepe mwekundu ili pasiwe na ubishi.

Kufikia mwanzo wa mwaka huu alikuwa na mbwa wapatao kumi na watano, kati ya mitaa ya Olympic na Nyayo Highrise. Alikuwa ameshaona chumba Olympic chenye maji ya mfereji. Akaongea na mwenye nyumba, wakaelewana.

Kisha ikaja Februari na joto lake. Pamba, mbwa wa aina ya Pomeranian, alikuwa akihema mchana kutwa na kumwaga manyoya kwenye kila kiti. Filister, muuguzi mstaafu, aliachiwa mbwa huyo na bintiye Lavender alipokwenda kufanya kazi ng'ambo, na ndiye mwenzake pekee nyumbani. Alimuuliza Walubengo afanyeje.

"Nikamwambia, 'Mama Lavender, hii tunyoe tu. Itarudi safi, nzito kuliko hii.' Sikufikiria mara mbili. Ni vile mama yangu alikuwa anatuambia tukiwa watoto, ukinyolewa kipara nywele zinatoka na nguvu."

Machi ikapita. Aprili mvua ikanyesha, nyasi za uwanjani zikaota, mgongo wa Pamba haukuota kitu. Watoto wa ghorofa za chini wakaanza kumwita Pamba Kipara. Langoni, ambapo hakuna jambo linalopita bila kujadiliwa, ikasemekana yule kijana ana mkono mbaya. Wengine walisema mashine yake ina ugonjwa. Wateja wakapungua hadi wakabaki watatu.

Ushauri haukukosekana. Mmoja alisema apakwe oili chafu ya gari, mwingine mafuta ya taa. Walubengo anakiri kwamba alifika hadi kwa fundi wa magari akiwa na chupa tupu, akasimama, akageuka. "Nilijiuliza, hii ningepaka mtoto wangu? Nikaona nisiongeze dhambi juu ya dhambi."

Badala yake, yeye na Filister walimpeleka Pamba kwa daktari wa mifugo. Ngozi ilikwaruzwa ikatazamwa kama ina wadudu wa upele, hawakuwamo. Damu ikapimwa, ikawa sawa. Ndipo daktari akawafafanulia: mbwa kama Pamba ana manyoya ya tabaka mbili, ya ndani laini na ya nje marefu, na hayaoti bila kukoma kama yale ya kijibwa cha kwanza. Yakinyolewa hadi chini, kuna wakati mizizi husinzia. Huenda yakarudi baada ya miezi, huenda baada ya mwaka na zaidi, huenda yasirudi kamwe. Dawa ya kuyaamsha kwa hakika hakuna. Joto nalo halikupunguzwa na kule kunyoa, kwani manyoya hayo hayo humkinga mbwa na jua.

"Nilimsikia daktari akisema 'kamwe'," anasema Walubengo, "nikamwomba arudie."

Filister hakumfokea. Hilo, Walubengo anasema, ndilo lililomuuma zaidi. Angetukanwa, angelipa, angeenda zake. Mama wa watu alimuuliza tu kama amekula.

Basi akaanza kuja. Humwosha Pamba mara moja kwa wiki tatu, kwa sabuni ya mbwa, si ya watu. Humkausha kwa taulo, humpaka mafuta kidogo, humchana ili damu itembee. Filister humchanganyia samaki wadogo wa omena kwenye chakula. Valary, ambaye hufuma sweta za shule, alimfumia Pamba ya kijani kutokana na uzi uliobaki, imkinge na jua na baridi. Sasa watoto wanamuuliza yuko darasa la ngapi.

Wateja wengine wameanza kurejea mmoja mmoja. Lakini siku hizi wanakuta sheria mpya: mbwa wa tabaka mbili hachapwi mashine. Anachanwa, anapunguzwa ncha kwa mkasi, basi.

Sheria hiyo imemgharimu. Gachanja, mwenye bucha Kawangware, alimletea mbwa wake mweupe wa tabaka mbili mwezi Juni akitaka anyolewe. Walubengo akakataa.

"Wewe ni kinyozi ama ni pasta?" Gachanja akamuuliza mbele ya watu, kisha akampeleka mbwa kwa kinyozi mwingine. Akanyolewa. Na manyoya yakarudi, yote, meupe pe. Haiishi siku bila Gachanja kupita kibandani na mbwa wake ili ayaonyeshe.

Ukimuuliza Walubengo kama hilo halimvunji moyo, hakatai. "Nilikaa nikafikiria, kwani nilikataa bure? Lakini Pamba na huyo wa Gachanja, ukiwaweka hapa kabla ya kunyoa, wanafanana. Mimi siwezi jua nani atarudisha na nani hatarudisha. Kama sijui, siwezi cheza na cha mwenyewe."

Mwenye chumba cha Olympic amepiga simu wiki hii. Ana mtu mwingine anayekitaka. Walubengo amemwomba asubiri kidogo, kama alivyomwomba mwezi uliopita.

Filister, aliyekuwa akisikiliza, anaweka sinia chini.

"Na yasirudi je?" anauliza.

Brashi inasimama. Pamba anafumbua jicho moja.

"Morris, huyu mbwa ana miaka tisa. Mimi nimepita sitini. Ukisema ungoje manyoya, unaweza kungoja mpaka sisi wote tukuache. Kwa nini unatuwekea mzigo huo? Pamba anakula, analala, anabwekea wezi na wasio wezi. Mgonjwa hapa ni wewe."

Walubengo anajipangusa uso kwa taulo la mbwa.

"Pigia huyo mtu wa nyumba simu," anaendelea mama huyo. "Fungua. Halafu uweke picha ya Pamba kwa ukuta, mahali kila mtu akiingia anaona. Na si ile ya zamani akiwa mrembo. Hii."

Simu inapigwa palepale barazani. Mwenye chumba anakubali. Walubengo ataingia mwanzoni mwa mwezi ujao. Kisha Filister anamvua Pamba sweta ya kijani, anamgeuza ubavu kwenye mwanga wa jua, anamshika kidevu ili atulie. Walubengo anainua simu na kupiga picha.

"Watu wataniuliza ni nani alifanya mbwa hivi," anasema akiitazama. "Nitawaambia ni mimi."