Taa ya Mheshimiwa na Nyota za Mwalimu Kalondu

Nikianza kueleza habari za Mwalimu Kalondu lazima nitakasirika, kwa hivyo niacheni nikasirike tangu mwanzo.

Kalondu anafundisha sayansi katika shule ya msingi hapa Gatuanyaga. Ni jirani yangu, tumetenganishwa na ua wa michongoma tu. Mdomo wake hauna breki. Mzazi akikosa kufika mkutanoni, Kalondu humfuata hadi sokoni Thika na kumgombeza mbele ya nyanya anazouza. Mumewe alipofariki watu walingoja alegee, wakachoka kungoja. Badala ya kulegea alinunua darubini kuukuu kutoka shule moja ya kibinafsi ya Ruiru iliyokuwa ikifungwa.

Msimu ambao nyota za kusini zinaonekana vizuri, kila Jumamosi jioni watoto wetu walikwenda kwake na magunia ya kukalia. Upande huo kuna nyota moja kali iitwayo Alfa Kentauri. Ukiitazama kwa macho ni moja. Ukiitazama kwa darubini ni mbili, zimesogeleana. Na ipo ya tatu, ndogo, ambayo darubini yake haikuweza kuifikia, ingawa ndiyo nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ukiondoa jua. Hiyo ya tatu aliisimulia kwa uchungu, kama ndugu aliyerukwa kwenye urithi.

Sheria yake ilikuwa moja. Mwanangu Kimanzi aliwahi kusema "mbili" kabla hajaweka jicho kwenye darubini. Akarudishwa nyuma ya foleni.

"Umeziona ama umeambiwa?" Kalondu alimfokea.

Basi mwaka jana mheshimiwa wetu akatuletea mulika mwizi, zile taa kali za mlingoti mrefu. Mgala muue na haki mpe: taa tulizihitaji. Njia ya kutoka steji ya pikipiki hadi manyumbani ina vichaka pande zote mbili, na Mbinya, anayefanya kazi katika shamba la maua, alikuwa ameporwa hapo na kuvunjwa mkono. Kwa hivyo siku ya uzinduzi tulichinja mbuzi, tukaimba, pasta akauombea mlingoti. Taa zikawashwa saa nane mchana, jua likiwaka, nasi tukapiga makofi. Niambieni, ni watu gani wengine wanaopigia makofi taa ya mchana?

Giza lilipoingia Kalondu akaona tulichokipigia makofi. Mlingoti ulisimama kusini mwa boma lake, na taa zote zilielekezwa kwenye bango kubwa la picha ya mheshimiwa kando ya ua wake. Mwanga uliobaki ulimwagikia uani kwake. Jumamosi watoto waliinama kwenye darubini wakaona weupe mtupu, machozi yakawatoka.

Akaenda kwenye baraza la chifu. Huko alikuwepo Gachau, mkono wa kulia wa mheshimiwa, ametoka Gitothua na viatu visivyojua vumbi.

"Taa zigeuzwe zimulike njia," Kalondu alisema. "Sahii zinamulika bango na kunipofushia watoto."

"Haiya! Wazazi, mmesikia?" Gachau akacheka. "Nyinyi mnataka usalama, mwalimu anataka nyota. Si ukae tu na chaki yako, madam?"

Baraza likaangua kicheko. Mbinya mwenyewe, mkono ungali kwenye plasta, akasema, "Aka, mwalimu! Nyota ndizo zitanipeleka nyumbani?"

 Kalondu alimgeukia Mbinya. "Mama Mwau, umeona hizo taa zikimulika njia, ama umeambiwa?"

Mbinya akatikisa kichwa. "Mimi hupita hapo nikikimbia. Sijaangalia."

"Basi kuja tuangalie."

Jioni hiyo tulisimama njiani, akina mama karibu wote. Hatukuona hata miguu yetu. Na kule mbele mheshimiwa alikuwa anatabasamu katika mwanga wote ule, unaona mpaka magego. Mbinya alilia kwa hasira. Alisema mkono wake ulivunjwa ili mtu apate mahali pa kuchekea. Kesho yake fundi wa stima, Mbuvi, tuliyemwita wenyewe, akapanda na kuzielekeza taa zote chini, njiani. Mbinya akarudi nyumbani akitembea badala ya kukimbia, na Jumamosi watoto wakaziona nyota, mbili.

Furaha haikudumu. Gachau alikuja na lori, akang'oa taa zote, akaacha mlingoti na bango.

"Mmeharibu mali ya umma," alisema. "Nazipeleka Mwihoko, huko kuna watu wanaojua kushukuru."

Chifu alikuwa pale, anaangalia viatu vyake. Lakini kinachonichoma zaidi ni wale akina mama waliomgeukia Kalondu, eti asingeleta mambo ya nyota tungekuwa na taa. Taa gani? Wapumbavu! Niliwaambia hivyo kanisani na sijaomba msamaha.

Sasa ni Juni, na mbingu ya kusini haijawahi kuwa safi hivi. Jumamosi iliyopita Kimanzi alibeba gunia lake akaenda, akarudi mara moja. Mwalimu hayupo. Mimi nilijua aliko. Wafanyakazi wa maua huanza kushuka stejini giza linapoingia, na Kalondu huwa pale na tochi na rungu la marehemu mumewe, anawasindikiza hadi milangoni, hata wale waliomtukana. Nikamfuata.

"Nipe hiyo tochi," nilimwambia. "Nenda kwa watoto, wanakungoja."

"Na wewe ukivunjwa mkono?" Aliivuta tochi kwake kwa hasira. "Niwaambie watoto nilikuwa naangalia juu?"

Pikipiki ikafika, Mbinya akashuka, tukaanza kutembea. Nyota zilikuwa zimesimama juu ya njia, kali, hakuna kitu cha kuzizuia. Nilimwambia aangalie hata mara moja tu. Hakuinua kichwa. Alikuwa anamulika vichaka.