Mke Wangu wa Ukutani Hainui Macho

Admin, jina langu lifiche, ingawa huku Nyaishozi wakisoma hii watanijua tu, maana shamba la kahawa kama langu hakuna mwingine. Nina miaka sabini na moja. Shule niliachia darasa la pili, lakini haya nimeandika mwenyewe, herufi moja moja, kwa hasira.

Nilimwita fundi wa mabango anichoree mke wangu. Nilitaka mgeni akiingia sebuleni aone mama mwenye nyumba anamtazama, anamkaribisha. Fundi akaja mimi niko shambani. Akamkuta mama anasoma kitabu, huo ugonjwa alioupata kwenye kisomo cha watu wazima kanisani. Akamchora hivyo hivyo! Macho chini, kidole kwenye mstari, utadhani nyumba haina watu.

Mama akaipenda, akaitundika. Sasa kwetu sisi mgeni anapokelewa na mama, anapigiwa goti, anapewa kahawa za kutafuna. Akaja jirani yangu na wenzake, akaketi chini ya picha, akaanza: "Shikamoo mama! Mzee, mbona mkeo haitikii? Au na wewe unangoja amalize ukurasa ndipo ule?" Wakacheka mpaka kahawa zikawatoka mdomoni. Nyumbani kwangu!

Nikamwambia mama, "Fundi arudi akuinue macho." Akajibu, "Nikiinua macho nitapoteza mstari." Na alisema hayo anasoma, hakunitazama! Nikaing'oa picha, nikaitupa jikoni penye moshi. Asubuhi sikumkuta yeye wala picha. Kaenda kwa kaka yake, huko Songambele, kaibeba kichwani kama mkungu wa ndizi, kijiji kizima kinaangalia.

Mimi mila naijua. Mke akirudi kwao unamfuata na rubisi, wakwe wanakunywa, mnaongea, anarudi. Nikampigia shemeji kwamba pombe imeiva. Akasema, "Shemeji, dada anasema hiyo pombe kunywa mwenyewe. Yeye mletee msumari."

Msumari! Mtu aliyeezeka bati wa kwanza kijijini, niingie ukweni nimeshika msumari kama fundi kibarua? Ndizi napika mwenyewe, zinaungua. Mke namtaka. Picha siitaki. Naye ameapa harudi bila hiyo picha.

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Ila atakayeniambia nikaombe radhi, huyo asiandike kabisa.