Kichupa cha Shaba Siku ya Posa

Chekeni, mkimaliza mnipe pole, maana mie mwenzenu niliwahi kujipaka mafuta ya bunduki machoni, tena siku ya posa yangu mwenyewe, nyumbani kwetu Temeke, wazee wazima wakinitazama.

Chanzo ni kichupa cha shaba nilichokikuta kwenye sanduku la marehemu bibi mzaa baba, kidogo lakini kizito, kina mfuniko wa kuzungusha, na chini ya mfuniko kuna kijiti chembamba chenye kijiko nchani. Nyumba nzima hakuna aliyekijua. Basi mie (mnanijua, sikosi la kujiotea) nikasema hiki ni cha wanja, nikakaa nacho kitandani mchana kutwa nikamuona bibi kabisa, bado msichana, macho yamekolea, anapita uchochoroni na kanga mpya, wanaume wanasahau walikokuwa wanakwenda. Kilikuwa kinanuka kidogo. Nikasema hiyo ndiyo harufu ya zamani.

Siku ya posa nikamimina wanja wangu humo, nikakoroga, nikapaka, nikajitazama kwenye kioo nikaelea zangu, nishakuwa bibi, hata shangazi akiniita nikawasalimie wageni simsikii. Macho yakaanza kuwasha. Nikayasugua (kosa hilo!), nikatoka na kichupa mkononi nikiwa na hamu ya kukionyesha.

"Shikamooni," nikasema, na machozi meusi hayo, yananiteremka mpaka kidevuni.

Ami wa mchumba wangu Idrisa, mwanajeshi mstaafu wa Gongo la Mboto aliyeleta posa, akaweka kikombe chini.

"Binti analazimishwa huyu?"

Baba akaapa hapana. Mie nataka kusema, kwikwi hizo, kila nikifuta ndiyo yanazidi.

"Sisi hatuchukui mtoto kwa machozi," ami akasema, akainuka kwenda kuvaa viatu vyake mlangoni. Jamani, Idrisa nilikuwa nampenda, simtaki mwingine! Kichupa kikaniponyoka, kikabingirika mpaka miguuni kwa ami.

Akakiokota, akakifungua, akanusa.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Cha wanja, baba. Cha bibi yangu."

"Wanja! Mwanangu, hiki ni kichupa cha mafuta ya bunduki. Zile za Mwingereza, za kukoki kwa mkono, kilikuwa kinakaa ndani ya kitako. Sie tulifundishiwa hizo hizo. Nani kwenu alikuwa askari wa keya, jeshi lile la mkoloni?"

"Marehemu mzee wangu," baba akajibu kwa sauti ya chini.

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka. Nikanawishwa uso kwenye beseni palepale mbele za watu, ami akarudi kuketi, akaniuliza kwa upole, "Haya mwanangu, umeridhia?" Sasa kwetu mwari hajibu, anainamisha uso tu, na kimya chake ndiyo jibu, lakini mie kwa ile hofu nikapiga ukelele, "Nimeridhia! Wallahi nimeridhia!" mpaka majirani wa nyumba ya pili wakapiga vigelegele bila kualikwa.

Niliolewa, alhamdulillahi. Ila mpaka leo nikikata vitunguu machozi yakinitoka, Idrisa anachungulia jikoni: "Mke wangu, umeridhia?" Nami wanja nanunua dukani, na kitu cha marehemu nikikiokota nauliza kwanza, ndipo niote.