Feni ya Mwendo Mmoja

Vumbi la barabara ya Mtera likipashwa moto lina harufu yake, harufu ya chungu kikavu kilichosahaulika mekoni, na hata leo nikiinusa popote moyo hunienda mbio kwa furaha. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa milango, magari yaliyokwisha kutumika Japani yalipoanza kuingia nchini kama mitumba ya nguo, na baba yangu, bwana samaki, yaani afisa uvuvi, wa kijiji chetu kando ya bwawa, akajipatia gari dogo jeupe. Tulikuwa na gari! Nilikuwa darasa la tatu, na wiki ile nilitembea kifua mbele kana kwamba nimeliunda mwenyewe.

Sasa, gari lililotoka nchi ya theluji huja na kipasha joto chake, na wajuzi wa pale gulioni walishikilia neno moja: kwa jua hili la Ugogo, jiko hilo hutolewa kwanza, ndipo gari litumike. Baba akatii. Akaingia chini ya dashibodi na bisibisi, akakuta kibao chenye nyaya zilizojisokota, nyaya za jiko la umeme tupu, akaking'oa kwa ushindi. Joto halikupungua hata chembe. Ila feni ikaharibika: namba moja kimya, mbili kimya, tatu kimya, nne kimbunga. Mchuma janga hula na wa kwao, na sisi tulikula vumbi.

Tungecheka tu yakaisha, lakini dada Ester alikuwa anaolewa Jumamosi mjini Dodoma, na dada Ester alikuwa na pumu. Ilikuwa Julai, baridi ya asubuhi inauma masikio. Tulipofanya safari ya majaribio alfajiri ya Ijumaa, tumefunga vioo kwa sababu ya vumbi la njiani, pumzi zetu zikatanda ukungu kwenye kioo cha mbele hadi baba hakuona barabara. Akawasha feni. Kimbunga kikazoa vumbi lote lililolala humo ndani kikatumwagia usoni, dada akaanza kukohoa, kifua kikapiga filimbi, tukamrudisha nyumbani hawezi kumaliza sentensi. Sote tuliogopa jambo moja: kwamba atafika kanisani, mchungaji amuulize, naye akose pumzi ya kujibu.

Ijumaa mchana dada alikuwa anasukwa, upande mmoja wa kichwa umekwisha, mwingine umesimama wima. Ghafla akaiondoa mikono ya shangazi kichwani mwake, akainuka. Alikuwa mwalimu wa fizikia, na nadhani jambo lile lilikuwa likimsumbua tangu alfajiri.

"Baba, usinikasirikie. Kile ulichong'oa hakikuwa jiko."

"Sasa kilikuwa nini, mwanangu?"

"Kipunguza umeme. Umeme ukipita kwenye zile nyaya unapungua nguvu, feni inakwenda taratibu. Bila hizo unabaki na mwendo wa mwisho tu. Umekiweka wapi?"

Baba alikuwa amekitupa jalalani. Ndipo mama akaingia ndani, akarudi na kopo lake la vifungo, nacho kimo. Kwa mama akiba haiozi, na hakuna kipande cha chuma kilichowahi kulala jalalani kwetu.

Waya mmoja ulikuwa umekatika. Dada akausafisha kwa wembe, akaukunja na kuubana na mwenzake kwa koleo, huku baba akipangusa njia ya upepo kwa kitambaa kibichi mpaka kitambaa kikatoka chekundu. Kisha bibi harusi wa kesho akajilaza sakafuni mwa gari, kanga kiunoni, miguu nje, akakifunga kibao mahali pake. Mimi nikapewa swichi. Namba moja: kimya. "Ngoja," dada akasema kutoka chini, "plagi haijaingia." Ikalia tak. Upepo ukatoka, mdogo, mpole, kama wa mtu anayepoza uji wa mtoto. Namba mbili ikawa mbili kweli! Shangazi akapiga kigelegele, mama akapokea, na majirani wakaitikia ingawa hawakujua wanashangilia nini.

Kesho yake tulikwenda kwa namba moja mpaka mjini, kioo kikiwa safi, dada akiimba kwa sauti ya chini. Mchungaji alipouliza, "Ndiyo, nakubali" yake ilifika hadi mlangoni kwa waliokosa viti. Baba alilia mbele za watu, wala hakujificha.

Leo barabara ile ina lami, na dada haachani na dawa yake ya pumu ya kuvuta. Nisije nikadanganya: sitaki kurudi kwenye vumbi lile. Gari langu hujipimia lenyewe joto na upepo, na mwezi uliopita lilipogoma, fundi aliliunganisha na kompyuta, akabadilisha kitu ambacho hakunionyesha, akanirudishia funguo. Gari lilikuwa limepona kabisa. Nikaliwasha, nikaondoka, na hakuna aliyepiga kigelegele.