Picha Isiyoshika Ukungu

Mama yake rafiki yangu alifika kwangu Kiplombe Jumamosi moja asubuhi, amebeba kitu kipana kilichofungwa kwa leso. Huyo binti yake tulifundisha naye shule moja, darasa lake likipakana na langu, hadi alipougua na kufariki angali kijana. Baada ya mazishi nilimchora kwenye turubai, nikampelekea mama yake kule Timboroa, naye akaitundika picha sebuleni. Tangu siku hiyo hatukuwa tumeonana.

Chai aliikataa kwanza. Aliuweka mzigo mezani, akaufungua polepole kama mtu anayefungua kidonda.

"Mwalimu, ona."

Ulikuwa ukungu. Neno hilo moja lina maana mbili, na Timboroa zote mbili huishi nyumba moja: ule ukungu wa alfajiri unaoshuka kutoka msituni na kuingia hata mlango ukiwa umefungwa, na ule mweusi unaoota ukutani na kwenye mkate uliolala. Ulikuwa umeanzia pembeni mwa turubai, ukapanda shingoni, ukafika shavuni. Jicho moja lilikuwa limebaki safi. La pili halikuonekana tena.

"Nimeipanguza, nimeianika siku jua ikitoka," alisema. "Inarudi tu. Nilimzika mara moja, mwalimu. Sasa nakaa kwa kiti yangu nikiona akizikwa tena pole pole."

Nilimwambia nitamchora upya. Alipoondoka ndipo nilipojiuliza, juu ya nini? Turubai nyingine ingekunywa unyevu vilevile, na mbao hupinda.

Niliwahi kuona Nairobi maonyesho ya wasanii walioacha turubai na kuchora kwenye bodi zile zile zinazofunika kuta za benki na vituo vya petroli: mabamba mawili membamba ya alumini yaliyobana plastiki katikati. Siku ile nilipita haraka. Niliona kama mabango ya duka. Sasa nilimpigia simu mmoja wao, mwanamke tuliyekuwa tumezungumza kidogo mlangoni.

"Haipindi, hainywi maji," aliniambia. "Lakini usidhani inakutaka. Ikwaruze vizuri, la sivyo rangi haitashika."

Nilipata kipande kwa watengenezaji wa mabango mjini, masalio ya bango la duka la dawa. Nilikipitisha msasa kwa haraka, nikaanza. Nilichora kitambaa cha kichwa, paji la uso, nyusi. Rangi ilipokauka, ukucha wangu ukagusa pembeni kwa bahati mbaya, na utando mzima ukainuka kama malai ya maziwa. Nyusi zake zikabaki mkononi mwangu.

Niliketi sakafuni nikalia. Siku ya mazishi nilikuwa nimepewa kazi ya kuwapanga wanafunzi wake waliokuja kuimba, kuwakinga mvua, kuwahesabu wakipanda basi. Sikupata nafasi ya kulia. Nililia siku ile, mbele ya kipande cha bango.

Kisha nikaanza tena. Nilisugua hadi alumini ikapoteza mng'aro wote na kiganja kikaniuma, nikaifuta kwa spiriti, nikapaka rangi ya msingi, nikangoja ikauke, nikapaka tena. Nilipofika usoni nilimwita mama yake aje akae nami, kwa sababu picha niliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, ya walimu wote mbele ya ofisi, naye akiwa amekunja uso kwa jua.

Alikaa karibu na dirisha akiifuata brashi yangu kwa macho. Halafu akasema, "Hapo umemkondesha."

"Nakumbuka vile alikuwa siku za mwisho, Mama."

"Hata mimi nakumbuka. Lakini usimchore hivyo. Mchore vile alikuwa akitoka nyumbani asubuhi kuenda kazi."

Nikalijaza shavu. Nikaongeza kovu dogo la kidevuni ambalo picha ya shule haikulionyesha. Yeye ndiye aliyenielekeza lilipo, akiligusa kwenye kidevu chake mwenyewe.

Picha ilipokamilika na kukauka, alinyoosha mkono akaweka kiganja shavuni. Aliuondoa mara moja.

"Ni baridi."

Nilijua alikowahi kuugusa uso ule ukiwa hivyo. Tulikuwa pamoja mochari, mimi nimesimama nyuma yake. Nikasema ninaweza kutafuta njia nyingine, labda kitambaa kigumu, labda mbao. Alitikisa kichwa.

"Wacha. Hata Timboroa ni baridi. Alizaliwa kwa baridi."

Akaifunga kwa leso, akaondoka nayo.

Nilimtembelea msimu wa mvua ndefu. Ukungu ulikuwa umetanda hata nyasi za uani hazikuonekana. Picha haikuwa sebuleni. Alikuwa ameitundika jikoni, si mbali na moto wa kuni, na uso mzima ulikuwa umelowa, matone yakiteremka kutoka kwenye paji. Nilishtuka, nikidhani imeharibika.

Yeye hakushtuka. Alichovya kitambaa kwenye maji ya moto, akakikamua, akampangusa. Alianza na paji, akashuka puani, akapita chini ya kidevu, kama mtu anayemtayarisha mtoto kwenda shule, huku akimwambia maneno fulani kwa lugha yao. Rangi haikutoka. Ukungu haukuwa umeshika popote.

"Kila asubuhi," aliniambia. "Moshi na maji. Inatoka yote."

Alianika kitambaa karibu na moto, akaniuliza kama darasa la binti yake limepata mwalimu mwingine. Nikamwambia limepata.

"Anapenda watoto?"

"Anajaribu, Mama."

Akachukua birika na kunimiminia chai.