Samadi ya Zizini kwa Babu

Mwaka huu nilipanda tena kile kilima, siku mbili baada ya kumzika dada yangu. Sikwenda kutafuta kitu. Nyumbani kulikuwa na watu wengi, nami nilikuwa nimechoka kuitikia pole. Nilipofika katikati ya mteremko nikahisi miguu inapanda na kushuka, inapanda na kushuka. Nikatazama chini. Matuta bado yapo, rafiki yangu. Mvua za miaka yote hiyo zimeyalaza na nyasi zimeyafunika, lakini mtu aliyebeba samadi juu yake hawezi kuyapita bila kuyajua.

Hapa ni upande wa Shinyanga, na ninayokusimulia ni ya miaka ya thelathini. Nilikuwa na miaka kama tisa, dada kumi na mmoja. Nzige walikuwa wamekula shamba la bondeni lote, ng'ombe wetu walikuwa wamebaki watatu, na baba alikuwa amekwenda Geita kuchimba dhahabu ya watu wengine. Nyumbani tulikuwa bibi, mama, dada na mimi. Tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, iliyochemshwa asubuhi na kupashwa moto jioni. Mtama uliobaki ulikuwa kibuyu kimoja cha mbegu. Kilining'inia juu ya moto, cheusi kwa moshi, na kila jioni bibi alikishusha, akakitikisa karibu na sikio, akakirudisha. Alikuwa anasikiliza kama kuna mtu aliyepunguza.

Ndipo akaja bwana shamba. Alikuwa kijana wa kaptula, mwenye kamba iliyofungwa mafundo.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia bibi kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka. Kama ni kodi, mwenye nyumba yuko Geita."

"Sikuja kwa kodi. Nimekuja kuona mbegu yako."

"Basi heri ungekuja kwa kodi."

Lakini alimkaribisha kigoda. Yule kijana alieleza polepole. Sisi tulizoea kumwaga mbegu kwa mkono na kuifukia kwa jembe, na kwa namna hiyo kibuyu kile kisingetosha hata robo ya kilima. Yeye alitaka tukate matuta ya kukinga mteremko, tuyafunge kwa vituta vidogo ili maji yasikimbie, kisha tupande kwa kufuata mafundo ya kamba: punje tatu kila shimo, pamoja na konzi mbili za samadi. Miche ikiota tung'oe iliyo dhaifu, ubaki mmoja. Kibuyu kingetosha kilima kizima.

Bibi akauliza, "Na usipoota?"

"Utaota, mayu."

"Wewe utakuwa umeshahama."

Alikubali kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Siku waliyonyosha kamba, mama mmoja jirani alipita na mtungi wa maji akasimama kucheka. "Jamani, mnapanda mtama au mnajenga nyumba? Hiyo kamba mnapima nini?"

"Tunapima mdomo wako," bibi akamjibu. "Hatujafika mwisho."

Samadi ilikuwa zizini, na hapo ndipo palipokuwa na jambo. Babu alikuwa amezikwa mle, kama walivyozikwa zamani wenye miji, yaani wakuu wa kaya, kwenye kona ya kulia chini ya miti ya minyaa, ili ng'ombe wake wapite juu yake. Bibi alilaza gogo mbele ya kona ile. Akatuita dada na mimi. "Kutoka hapa kwenda kule, jembe lisiguse. Huku kwingine chukueni mpaka mchoke."

Tulichoka siku ya kwanza. Zizi lilikuwa limepigwa jua, samadi imekauka kama tofali. Dada alikata kwa jembe, mimi nikajaza vikapu, tukavitwika na kupanda. Mama alikuwa mbele akichimba mashimo kwenye mafundo. Samadi ilichanganyika na jasho ikatiririka shingoni, na usiku shingo haikugeuka. Siku ya nne mawingu yalisimama upande wa ziwa, na matuta matatu ya juu kabisa yalikuwa bado hayajapata samadi. Mama alituambia tuharakishe, akaenda na bibi kuchagua mbegu.

Nimesema uongo kuhusu siku ile mara nyingi. Leo sisemi. Ni mimi niliyevuka gogo. Chini ya minyaa palikuwa na kivuli, ng'ombe walipenda kulala pale, na samadi ilikuwa nene na laini kama unga. Niliichota kwa mikono tu.

"Toka huko," dada akaniambia. "Unajua ni kwa nani."

"Babu alitupenda. Hatakasirika."

"Bibi je?"

Nilijaza kikapu changu, kisha chake. Alisimama akinitazama, shingo yake imevimba, halafu akajitwika. Tulikwenda safari sita. Safari ya mwisho mikono yangu iligusa udongo mwekundu, baridi. Nikaitoa haraka.

Mvua ilinyesha usiku ule ule. Asubuhi bibi alikuwa amesimama zizini, mbele ya shimo lililojaa maji. Hakupiga kelele. "Nani?"

Nilitazama miguu yangu. Dada akasema, "Ni mimi, bibi."

Bibi hakumchapa. Alipiga magoti akalifukia shimo kwa mikono yake, konzi kwa konzi, dada akimletea udongo na kumwambia samadi ilikokwenda. Nami nilisimama kando ya gogo. Alipomaliza akasema, "Matuta yale matatu ya juu ni ya babu yenu sasa. Hatuli sisi, na hapewi mtu." Kisha akamwambia dada, "Na neno hili lisitoke hapa, ng'wanone, mwanangu, au hutapata wa kukuoa."

Mtama uliota. Tulipong'oa miche ya ziada mama alikuwa anafumba macho, na ile iliyobaki ilinenepa kiasi cha kukufanya uone aibu kuipita. Dada na mimi tulifukuza ndege kwa makopo na mawe ya kombeo tangu alfajiri. Matuta ya chini yalizaa vizuri. Ya juu yalizaa masuke makubwa ambayo sijayaona tena mahali popote, mazito, yameinama kama watu wanaosikiliza.

Watu wakaja. Yule mama jirani alikuja wa kwanza, safari hii bila kicheko, na ungo mtupu. Bwana shamba alikuja akashika suke moja la juu kwa mikono miwili. "Haya ndiyo mbegu, mayu. Nipe haya, niwagawie watu. Mwakani kilima chote kitakuwa hivi."

"Chukua ya chini."

"Ya chini ni ya kawaida. Kwa nini hutaki?"

"Sitaki tu."

Jirani akadakia, "Si nilisema? Choyo! Watoto wetu wanakula majani, yeye anahesabu masuke!"

Mama yetu alimgeukia bibi kumtazama, maana yeye pia hakujua. Bibi alitazama zizini. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Neno moja langu lingetosha.

Bibi alivuna matuta yale peke yake, akapika pombe, akaimwaga yote kwenye ile kona mpaka tone la mwisho, bila kualika mtu. Watu waliona moshi, wakasikia harufu, na hawakuonja. Hilo hawakumsamehe. Mwaka uliofuata bwana shamba alihamishwa, na hakuna aliyechukua mbegu za chini wala kamba. Walisema hawafuati kilimo cha mchoyo. Wakarudia kumwaga kwa mkono, na sisi pia, baba aliporudi, tukarudia.

Zizi halipo tena. Minyaa imekatwa, na vijana waliokuja kwenye msiba walikuwa wanapita juu ya babu bila kujua, mmoja amesimama pale pale anavuta sigara. Wenye miji hawazikwi tena zizini, na mtama haupandwi tena kilimani.

Bibi alikufa nikiwa nimeshaolewa. Kwenye maziko yake nilimsikia mtu akisema, taratibu, kama watu wasemavyo jambo linalojulikana, kwamba marehemu alikuwa mwema ila mkono wake ulikuwa mzito wa kutoa. Dada alinitazama. Alikuwa ananisubiri niseme. Mimi nikainua ndoo, nikaenda kuteka maji.